Mahekalu ya Hija ya Wahindu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa wakazi wa Mombasa, Unguja, Dar es Salaam au Nairobi, hekalu la Wahindu si jengo geni. Tunalipita, tunasikia kengele zake, tunanusa udi wake. Lisilojulikana sana ni kwamba majirani zetu hao nao wana safari zao za kuhiji, na nyuma ya safari hizo kuna fikra nzito juu ya Mungu, juu ya mahali na juu ya mwili wa binadamu. Haya ndiyo maswali ambayo watu huuliza zaidi.

Hekalu la hija lina tofauti gani na hekalu la mtaani?

Hekalu la mtaani hujengwa na watu pale walipo, kisha mungu hukaribishwa ndani yake kwa ibada maalumu. La hija mambo yake ni kinyume: mungu alitangulia, jengo likafuata. Waumini husema Shiva, mmoja wa miungu wakuu, alijitokeza mwenyewe pale, au Krishna, umbo la mungu Vishnu, alitawala pale, au kipande cha mwili wa mungu wa kike kiliangukia pale. Walichofanya watu ni kuweka kuta na paa juu ya jambo lililokwisha kutokea. Mahali kama hapo huitwa tirtha, yaani kivuko, kwa kuwa huaminiwa kwamba hapo ng'ambo ya pili iko karibu kuliko kwingine.

Ndiyo maana hekalu la hija halihamishiki. Chukua Somnath, kwenye ufuko wa Gujarat, magharibi mwa India. Jeshi la sultani Mahmud wa Ghazni lililibomoa mwaka 1026, na katika karne zilizofuata likajengwa na kubomolewa tena zaidi ya mara moja. India ilipopata uhuru, hekalu lilijengwa upya palepale, na mwaka 1951 Rais Rajendra Prasad alihudhuria kuwekwa wakfu kwake. Kulijenga mji mwingine, hata kwa dhahabu tupu, kusingekuwa na maana yoyote kwa waumini.

Somnath ni la kwanza katika orodha ya mahekalu 12 ya Shiva yanayoitwa Jyotirlinga. Kisa chake ni hiki: miungu Brahma na Vishnu walibishana nani mkubwa, ghafla ikasimama nguzo ya nuru mbele yao. Brahma akageuka bata maji akapaa kutafuta kilele chake, Vishnu akageuka nguruwe mwitu akachimba kutafuta shina lake, na wote wawili hawakufika mwisho. Nguzo ile alikuwa Shiva. Mahekalu hayo 12 ni mahali ambapo nuru hiyo isiyo mwanzo wala mwisho inaaminiwa kuwa iliigusa ardhi.

Hujaji anakwenda kutafuta nini hasa?

Anakwenda kuonana na mungu. Wanaita darshani, na hapa ndipo roho ya jambo zima ilipo. Hujaji anaweza kukaa kwenye foleni saa nyingi, pengine usiku kucha, ili asimame mbele ya chumba cha ndani kwa sekunde chache tu. Chumba hicho ni kidogo, cha giza, hakina dirisha. Jina lake la Kisanskriti linakifananisha na tumbo la uzazi. Ndani mnawaka taa ya samli. Kuhani anainua mwali, uso wa mungu unang'aa, macho ya hujaji yanakutana na macho ya mungu. Basi. Walinzi wanamsukuma mbele, wa nyuma yake anachukua nafasi.

Mtu wa nje huona ni taabu kubwa kwa kitu kidogo. Lakini kwa muumini kuonana huku kuna pande mbili: yeye amemwona mungu, na mungu amemwona yeye, pamoja na ugonjwa wake, deni lake, mtoto aliyemkosa. Wengi hutoka wakilia, na kilio hicho nakiheshimu sana. Kuonekana, hata kwa kitambo, na mwenye enzi aliyekuita kwake ni jambo ambalo mtu wa dini yoyote anaweza kulielewa.

Je, huko si kuabudu sanamu?

Wahindu wenyewe hawana jibu moja. Wako wanaosema sanamu ni mahali pa kutuliza macho na moyo, kwa kuwa Mungu asiye na umbo ni mgumu kumshika akilini. Wako pia, na ndio wengi katika mahekalu makubwa ya kusini, wanaoamini kwamba mungu kwa hiari na huruma yake amekubali kukaa kabisa ndani ya umbo lile. Kwa hao, aliyemo hekaluni ni mwenye nyumba aliye hai. Asubuhi anaamshwa kwa nyimbo, anaogeshwa, anavishwa, anapelekewa chakula, mchana mlango unafungwa apumzike, na usiku analazwa.

Ila hata hivyo si kila hekalu la hija lina sanamu. Shiva mara nyingi huwakilishwa na linga, jiwe lililosimama bila sura. Katika pango la Vaishno Devi, kwenye milima ya Jammu, mungu wa kike anaabudiwa katika vichwa vitatu vya mwamba. Kamakhya, juu ya kilima kando ya mji wa Guwahati, kuna mwanya wa mwamba unaobubujika maji, nao huaminiwa kuwa ndipo uke wa Sati, mke wa Shiva, ulipoangukia baada ya mwili wake kutawanyika duniani. Kila mwaka, mwezi wa Juni, hekalu hilo hufungwa siku tatu kwa kuwa mungu yuko hedhini, kisha hufunguliwa kwa shangwe ya maelfu ya watu.

Hija ya Wahindu ni faradhi, kama ya Makka?

Hapana. Hakuna mji mmoja, wala mwezi mmoja, wala sharti kwamba kila mwenye uwezo lazima aende. Kuna mamia ya mahali, na kila ukoo una pake panapopendwa. Hata hivyo, safari inayotamaniwa kuliko zote ni ya Char Dham, makao manne kwenye pembe nne za India: Badrinath kaskazini, Puri mashariki, Rameswaram kusini, Dwarka magharibi. Mapokeo yanampa Adi Shankara, mwanafalsafa wa karne ya 8, sifa ya kuyaunganisha manne hayo. Anayeyamaliza yote amezunguka nchi nzima, kama vile mtu anavyolizunguka hekalu kwa upande wa kulia kabla ya kuingia.

Kuna desturi inayofunga kaskazini na kusini ambayo mimi naiona nzuri mno. Hujaji huchota mchanga Rameswaram akaupeleka kwenye Mto Ganga, kisha huchota maji ya Ganga akayarudisha Rameswaram kumwogeshea Shiva. Na huko Badrinath, kwenye theluji za Himalaya, kuhani mkuu sharti atoke Kerala, upande wa pili kabisa wa nchi.

Kwa nadhiri mambo hubadilika. Aliyeahidi "mwanangu akipona nitakuja" huhesabu safari hiyo kuwa deni.

Kwa nini watu wanakwenda Varanasi kufa?

Kwa sababu Wahindu wanaamini mtu hufa na kuzaliwa tena, mara baada ya mara, na lengo la mwisho ni kufunguliwa kutoka mzunguko huo. Varanasi, ambao waumini wanauita Kashi, ni mji wa Shiva mwenyewe. Inaaminiwa kwamba anayekata roho ndani ya mipaka yake, Shiva huinama na kumnong'oneza sikioni mantra, yaani maneno matakatifu, ya kumvusha, naye harudi tena. Hivyo zipo nyumba maalumu ambako wazee na wagonjwa hupelekwa na jamaa zao kusubiri. Kwenye ngazi za Manikarnika, ukingoni mwa Mto Ganga, miili huchomwa mchana na usiku.

Usidhani ni mji wa huzuni. Hatua chache kutoka hapo watoto wanaogelea, wanafunzi wanasoma, maharusi wanapita kwenda kubarikiwa. Hekalu la Kashi Vishwanath linaloonekana leo lilijengwa mwaka 1780 kwa amri ya malkia Ahilyabai Holkar, baada ya lile la awali kubomolewa wakati wa mfalme Aurangzeb, na msikiti uliojengwa hapo bado umesimama kando yake. Mvutano juu ya eneo hilo uko mahakamani hadi leo, na asiyeujua hataelewa kwa nini kuna ulinzi mkali kiasi kile.

Magari makubwa ya Puri yana maana gani?

Hili ningelijibu siku nzima. Hekalu la Jagannath katika mji wa Puri, jimbo la Odisha, ni la karne ya 12. Wanaokaa ndani ni ndugu watatu: Jagannath, ambaye ni Krishna, kaka yake Balabhadra na dada yao Subhadra. Wamechongwa kwa mti wa mwarobaini, wana macho makubwa ya duara, na mikono yao ni kama haikumaliziwa. Kwa kuwa ni mti, wanazeeka. Baada ya miaka kadhaa, mara nyingi kati ya 12 na 19, miili mipya huchongwa, na kitu cha siri kilicho ndani ya mwili wa zamani huhamishiwa katika mpya usiku, na kuhani aliyefungwa kitambaa machoni. Ya zamani huzikwa. Mara ya mwisho ilikuwa 2015.

Kila mwaka kabla ya msimu wa mvua, ndugu hao huogeshwa hadharani kwa maji mengi, wakashikwa na homa. Ndiyo, miungu wanaugua. Hufichwa kiasi cha wiki mbili, wakihudumiwa kwa dawa za mitishamba. Wakipona, wanatoka nje kwa magari matatu ya mbao yanayojengwa upya kila mwaka: la Jagannath lina magurudumu 16, la Balabhadra 14, la Subhadra 12. Umati unayavuta kwa kamba hadi hekalu la Gundicha, kama kilomita 3, wanakokaa siku kadhaa kisha wanarudi.

Maana yake? Asiyeruhusiwa kuingia ndani, mungu anamtokea njiani. Mfalme wa Puri mwenyewe hufagia majukwaa ya magari hayo kwa ufagio wenye mpini wa dhahabu, kazi ya mtu wa chini kabisa, mbele ya macho ya wote. Na katika barabara hiyo gari la Jagannath husimama kidogo kwenye kaburi la Salabega, mshairi Mwislamu wa karne ya 17 aliyempenda Jagannath. Inasimuliwa kwamba aliugua safarini akaomba asubiriwe, na gari likagoma kwenda mpaka alipofika.

Usiache pia kujua habari za jiko. Chakula cha Jagannath hupikwa kwa kuni katika vyungu vya udongo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kikishatengwa mbele ya mungu huitwa mahaprasadi, na hapo mtu wa tabaka lolote hula na mwenziwe bila kujali nani kagusa. Katika jamii iliyowahi kukataa hata kunywa maji ya mkono wa mtu wa tabaka la chini, sahani hiyo ni fundisho kubwa.

Mbona mahekalu mengi yako mahali pagumu kufikika?

Jasho ni sehemu ya ibada. Kedarnath, moja ya Jyotirlinga 12, liko zaidi ya mita 3,500 juu ya usawa wa bahari, na njia ya miguu kutoka Gaurikund ni kama kilomita 16 za kupanda. Kisa kinasema ndugu watano, Pandava, baada ya kuua jamaa zao vitani, walikwenda kumwomba Shiva msamaha. Hakutaka kuwaona. Alijigeuza fahali akazama ardhini, ikabaki nundu, na nundu hiyo ya mwamba ndiyo inayoabudiwa. Wenye hatia ilibidi wapande mlima; wafuasi wao bado wanapanda.

Hekalu hufunguliwa kuanzia Aprili au Mei hadi Oktoba au Novemba. Theluji inapokaribia, alama ya mungu huteremshwa kwa maandamano hadi Ukhimath, akae huko majira ya baridi.

Hatari ni za kweli. Juni 2013 mafuriko na maporomoko yaliua maelfu ya watu katika bonde hilo. Jengo la hekalu lilinusurika, jiwe kubwa likiwa limekwama nyuma yake na kuyagawa maji. Waumini wengi wanaliona jiwe lile kuwa muujiza. Wataalamu waliuliza pia juu ya hoteli na barabara zilizojengwa ovyo mlimani, na kwa maoni yangu swali hilo linamheshimu Shiva kuliko kulinyamazia.

Kwa nini mahujaji wa Tirumala wananyoa vichwa?

Nywele ni urembo, na urembo ni kiburi. Mwanamume, mwanamke na mtoto humpa Venkateswara, umbo la Vishnu linalokaa juu ya vilima saba vya Tirumala, kile ambacho kila mtu angekiona kikikosekana. Wanasimulia kwamba mungu huyo alikopa mali kwa Kubera, mweka hazina wa miungu, ili afunge ndoa na Padmavati, na sadaka za mahujaji zinamsaidia kulipa. Nywele zenyewe hupigwa mnada na hekalu. Baadhi ya mawigi na nywele za binadamu zinazosukwa duniani zimeanzia hapo, kwenye nadhiri ya mtu.

Wengine hupanda kwa miguu kutoka Alipiri, ngazi 3,550, wakipaka kila ngazi manjano na poda nyekundu. Kila mmoja hurudi na laddu, donge tamu la unga wa dengu na samli.

Je, wanawake na watu wa tabaka la chini wanaruhusiwa?

Kwa karne nyingi watu wa tabaka lililodharauliwa walizuiwa mlangoni. Tarehe 12 Novemba 1936 mfalme wa Travancore, kusini, alitangaza mahekalu yake yawe wazi kwa Wahindu wote, na baada ya uhuru katiba ya India ikapiga marufuku ubaguzi huo. Sheria ni jambo moja, vijijini ni jambo jingine, na mapambano yanaendelea.

Kuhusu wanawake, mjadala mkali ni wa Sabarimala, Kerala. Mungu wa hapo, Ayyappan, ni mseja, na desturi iliwazuia wanawake wa miaka 10 hadi 50. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu iliamua waruhusiwe. Maandamano makubwa yakazuka, wakiwamo wanawake waumini waliopinga hukumu hiyo, na mwaka 2019 suala likapelekwa mbele ya jopo kubwa zaidi la majaji. Huzuni yangu ni kwamba ugomvi huo umefunika uzuri wa hija yenyewe. Kwa siku 41 hujaji hujinyima nyama, pombe na unyumba, huvaa nguo nyeusi au za buluu, na kila mtu, tajiri au maskini, huitwa kwa jina moja, Swami. Wengi wakifika Erumeli huingia kwanza kwenye msikiti wa Vavar, rafiki Mwislamu wa Ayyappan, kabla ya kuelekea msituni.

Kumbh Mela nayo ni hekalu?

La, ni mkusanyiko mkubwa wa mahujaji wa kuoga mtoni. Hufanyika kwa zamu Prayagraj, Haridwar, Ujjain na Nashik. Ile ya Prayagraj ya 2025 ilidumu siku 45, na serikali ilitangaza kwamba waliooga walizidi milioni 600. Usiku wa kuamkia Januari 29 watu walikanyagana, na makumi wakafa.

Wahindu wa Afrika Mashariki wanahusikaje na mahali hapo?

Karibu sana. Wengi asili yao ni Kutch na Kathiawar, pwani ileile ya Gujarat iliko Dwarka na Somnath. Majahazi yaliyoleta babu zao Unguja na Mombasa kwa upepo wa kaskazi yaling'oa nanga kwenye bahari inayopiga ngazi za mahekalu hayo. Kwa hiyo safari ya Dwarka kwa familia ya Mombasa ni kuhiji na pia kuzuru kwao.

Lipo na jukumu la wafu. Gaya, jimbo la Bihar, watoto hutoa madonge ya wali kwa ajili ya baba na mababu ili roho zao zipate utulivu. Siddhpur, huko Gujarat, hutolewa kwa ajili ya mama. Na Haridwar wako makuhani wanaotunza madaftari marefu ya koo: ukitaja ukoo na kijiji cha asili, kuhani hufungua kurasa na kukusomea nani alikuja, mwaka gani, na watoto aliowataja. Kisha anaandika jina lako chini yao. Kwa mtu ambaye babu yake aliondoka na sanduku moja tu, kukuta mwandiko wa babu huyo ni zaidi ya nyaraka.

Asiyeweza kusafiri hakosi kila kitu. Ndugu aliyekwenda humletea prasadi, yaani chakula kilichotengwa mbele ya mungu, na chupa ya maji ya Ganga, nayo huwekwa nyumbani mpaka siku ya kumtilia mgonjwa mdomoni.

Mimi si Mhindu. Naweza kuingia?

Inategemea hekalu. Puri, Pashupatinath ya Kathmandu na Padmanabhaswamy ya Thiruvananthapuram haziruhusu wasio Wahindu ndani. Tirumala wanaruhusu, ila unatia saini tamko kwamba unamwamini mungu wa hapo, na kama humwamini ni heshima zaidi kutotia saini. Mengine mengi, pamoja na hekalu la Swaminarayan la Nairobi lililofunguliwa mwaka 1999, hukaribisha wageni.

Vua viatu nje. Funika mabega na magoti, na kwa baadhi ya mahekalu ya Kerala mwanamume huvua shati. Usibebe kitu cha ngozi wala nyama. Simu huachwa mlangoni mahali pengi, usibishane. Zunguka kwa upande wa kulia, usimpe mungu mgongo unapopiga hatua za kwanza kutoka, na ukipewa prasadi ipokee kwa mkono wa kulia. Kama dini yako haikuruhusu kuila, mwambie anayegawa kwa upole kabla hajakupa, maana ikishapokewa haitupwi.